Prado, Hardtop na RAV4 zilizotembea sana: dalili, sababu, na pa kuanzia kutafuta ukiwa Kigoma

Kila baada ya muda kuna mtu ananipigia simu, kaka nimeona Prado huku Kasulu, bei nzuri, ila imetembea kilometa laki mbili na themanini, nichukue nisichukue? Na mi kila mara namrudishia swali, asubuhi ikiwashwa ya baridi inafanyaje? Hajui, maana aliikuta inanguruma tayari.

Hapo ndo pa kuanzia. Kilometa nyingi peke yake haziui gari. Nina Prado 90 ya dizeli, injini 1KZ, dashibodi inasoma 312,000 na inakwenda Manyovu na kurudi Mwanga hapa mjini Kigoma bila kuongezewa hata kikombe cha maji. Kabla yake nilikuwa na RAV4 ile tunayoita kili time, kilometa 140,000 tu, na ilinitesa miaka miwili. Tofauti yao ni kwamba ya kwanza kila inapolalamika tunatafuta chanzo kwanza, ya pili tulikuwa tunanunua spea kwa kubahatisha. Na ukiwa Kigoma kubahatisha kunauma mara mbili, hela inaenda alafu unasubiri mzigo upakiwe Dar, zaidi ya kilometa 1,200 kwa reli, ukifika unafunga na tatizo liko palepale.

Kwa hiyo utaratibu wangu kwa kila dalili ni huu, anza na kinachoangaliwa bure, kisha cha bei ndogo, kufungua injini kuwe mwisho kabisa.

KABLA HUJATOA HELA

Mwambie muuzaji usiku ule usiiwashe, nakuja saa 12 asubuhi. Ukifika shika boneti, iwe ya baridi. Kama ni ya moto uliza kwa nini, na urudi siku nyingine.

Fungua mfuniko wa rejeta (ya baridi tu, ya moto usithubutu, inaunguza uso) uone rangi ya maji. Yenye rangi ya kutu maana yake imeendeshwa kwa maji ya bomba au kisima miaka mingi. Yenye utando wa mafuta juu, ondoka. Chomoa dipstiki na ufungue mfuniko wa kujazia oili, ukikuta uji mweupe kama maziwa ya mgando, ondoka pia, japo kwa gari inayotembea safari fupi fupi tu mjini utando kidogo kwenye mfuniko peke yake unaweza kuwa unyevu tu, angalia na dipstiki ndo uamue.

Alafu zungusha ufunguo mpaka ON bila kuwasha. Taa zote za dashibodi lazima ziwake kwanza, ya injini, ya oili, ya betri, ya ABS, zikizimika baada ya kuwasha ndo sawa. Taa ya injini ambayo haiwaki kabisa kwenye ON kuna mtu kaichomoa au kaibandika, na mtu haibandiki taa ambayo haina shida.

Kuhusu kilometa zenyewe, zinarudishwa, hilo kila mtu anajua, ila kuna vitu ni ngumu kuvirudisha. Raba ya pedali ya breki iliyoliwa mpaka chuma, usukani uliong'aa, kiti cha dereva kilichobonyea upande wa mlango, hivyo haviendani na kilometa 90,000. Gari iliyotoka Japani inakuwa na cheti cha kusafirishwa nje, kile kina kilometa zilizosomwa kwenye ukaguzi, mwambie akuonyeshe. Na kwenye injini za taimingi belti (mkanda unaozungusha valvu ziende sawa na pistoni) Wajapani wana kawaida ya kubandika stika kwenye boneti au pembeni ya injini, belti imebadilishwa kilometa ngapi tarehe ngapi, nimeshaona stika inasema 158,000 na dashibodi inasema 121,000.

Prado na Surf za 1KZ zina taa ya T-BELT inayowaka kila kilometa 100,000 kukumbusha belti, na inazimwa kirahisi bila kubadili belti yoyote. Kwa hiyo taa kutowaka sio ushahidi. Kama muuzaji hana risiti ya belti, hesabu kwamba haijabadilishwa, punguza kwenye bei, na badilisha kabla ya safari ya kwanza ndefu maana ikikatika valvu zinagongana na pistoni na hapo unaongelea ovahoo, yani kufungua injini yote na kuijenga upya. Injini 1HZ ya Land Cruiser Hardtop nayo ni ya belti. Injini 2AZ ya Harrier tako la nyani ni ya cheni.

Sisi wa mkoa huu tuna bahati moja ambayo mikoa mingine hawana sana, magari ya mashirika yaliyokuwa yanahudumia kambi za wakimbizi Kasulu, Kibondo na Kakonko. Hardtop nyeupe, injini 1HZ, lita 4.2, silinda 6, haina turbo, haina mambo ya umeme mengi. Unakuta imetembea kilometa laki nne lakini oili ilikuwa inabadilishwa kwa ratiba na kuna daftari. Mi nikiwekewa Hardtop ya kilometa 400,000 yenye daftari na Prado 120 ya kilometa 150,000 isiyo na historia nachukua Hardtop bila kufikiria. Ila mambo mawili. La kwanza, lala chini yake uangalie chasisi, hasa pale shokapu na boksi ya usukani zinapofungwa, zile barabara za makorongo zinapasua chasisi na kuna walioichomelea kisha wakapaka rangi nyeusi juu. La pili, magari mengi ya mashirika yaliingia nchini kwa msamaha wa kodi, ikiuzwa kwa mtu asiye na msamaha kodi inatakiwa ilipwe, kwa hiyo usitoe hela kabla hujaona karatasi za TRA kwamba imelipiwa na kadi inaweza kubadilishwa jina. Gari nzuri isiyohamishika jina ni mzigo wa ndani ya uzio.

INACHEMSHA

Hii ndo mada yenyewe kwa huku kwetu kwa sababu ziwa liko kama mita 770 kutoka usawa wa bahari na Kasulu iko zaidi ya mita 1,200, ukienda Manyovu unapanda zaidi, yani ukitoka mjini na mzigo injini inafanya kazi ya kupanda muda wote. Na kuna jambo watu hawalijui, kadri unavyopanda ndo maji yanachemka mapema, karibu nyuzi 1 kila mita 300. Kwa hiyo kwenye mita 1,200 maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, wakati injini yenyewe kwa kawaida iko karibu nyuzi 90. Kinachokuokoa ni mfuniko wa rejeta, ule unafungia presha ndani, imeandikwa juu yake 0.9 au 1.1, na hiyo presha inasukuma kuchemka mpaka zaidi ya nyuzi 110. Mfuniko ukichoka raba na springi, gari inayotembea vizuri mjini Kigoma inachemsha ikipanda Kasulu na hakuna kitu kingine kilichoharibika. Mfuniko! Anza na huo, nunua wenye namba ileile.

Baada ya hapo jiulize inachemsha wakati gani, maana kila wakati una mtuhumiwa wake.

Inapanda joto ukiwa umesimama au unakwenda taratibu, ukishika spidi inashuka. Hapo ni feni. RAV4, Harrier, X-Trail feni ni ya umeme, iache injini ipate moto uone kama inawaka, isipowaka angalia fyuzi, rilei, sensa ya joto, ndo mwisho mota yenyewe. Prado, Surf na Hardtop feni inazungushwa na injini kupitia feni klachi yenye mafuta mazito ya silikoni ndani. Zima injini ikiwa ya moto, toa ufunguo kabisa, zungusha feni kwa mkono, ikizunguka laini mizunguko kadhaa kama ya mtoto ya kuchezea basi klachi imekufa, inatakiwa ikupe ugumu.

Ya kwangu ilikuwa hiyo. Ilichemsha mara mbili mlima wa Manyovu, fundi wa kwanza akaniambia hedi (kichwa cha injini) imepasuka, 1KZ zote zinapasuka hedi, lete hela tufungue. Kweli 1KZ zina sifa hiyo ya kupasuka hedi, kwa hiyo niliamini. Nikiwa natafuta hela nikapita kwa mzee mmoja Ujiji, fundi wa siku nyingi, hata hakushika spana, aliniuliza tu, "Mwanangu, feni umeishika?" Nikamwambia sijaishika mzee. Akaizungusha kwa kidole kimoja. Tulinunua feni klachi, tukasafisha rejeta, hiyo hedi mpaka leo haijafunguliwa na huu ni mwaka wa nne.

Inapanda joto ukiwa na spidi au mzigo mlimani, mjini iko poa. Hapo rejeta haipitishi vizuri. Kwanza nje, mapezi yake yameziba majani, wadudu na tope la masika, na kwa gari yenye kondensa ya AC mbele uchafu unakaa katikati ya rejeta na kondensa ambako huoni, lazima vitenganishwe. Osha kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele. Kisha ndani, kutu na chumvichumvi ya maji ya kisima, ipapase rejeta ikiwa na moto baada ya kuzima injini, sehemu iliyo baridi kuliko nyingine imeziba.

Inapanda ghafla ndani ya dakika chache, mpira wa juu wa rejeta wa moto sana, wa chini wa baridi. Thamostati (valvu inayofungulia maji kwenda rejeta yakipata moto) imegoma kufunguka, au pampu ya maji haisukumi. Thamostati unaipima jikoni, sufuria ya maji motoni, za Toyota nyingi zinaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, yani kabla maji hayajachemka iwe imefunguka. Na hapa naomba sana, usikubali fundi aitoe na kuitupa eti huku ni joto haihitajiki. Thamostati ya Toyota nyingi ikifunguka inaziba pia njia ya mkato ya maji, ukiitoa maji mengine yanazunguka injini bila kupita rejeta, kwa hiyo mlimani unaweza kuchemsha zaidi ya mwanzo, na sehemu ya tambarare injini inakaa ya baridi inakunywa mafuta. Nusu ya gari zilizotumika nilizowahi kukagua huku thamostati haipo.

Maji yanapungua na huoni yanapovuja. Angalia kapeti ya mbele, ikiwa imelowa na ina utamutamu wa kulanti (maji ya dawa ya rejeta) basi ni rejeta ndogo ya hita ndani. Angalia tundu dogo chini ya pampu ya maji kama lina alama ya kutiririka. Kwenye 2AZ za Harrier na RAV4 angalia nyuma ya injini upande wa kabini, kuna za miaka ya mwanzo wa 2000 ambazo nyuzi za boliti za hedi kwenye bloku zinaliwa, hedi inaachia kidogo na maji yanachuruzika huko nyuma, dawa yake ni kuweka bushi za nyuzi za chuma kwenye matundu ya bloku, kubadili gasketi peke yake inarudi baada ya muda mfupi.

Ukishamaliza yote hayo ndo uanze kuwaza hedi. Ya baridi, fungua mfuniko, jaza maji mpaka juu, washa, tazama. Mapovu yanayotoka mfululizo bila kuisha hata hewa ilishatoka yote ni gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Dalili nyingine, mpira wa rejeta mgumu kama jiwe asubuhi kabla hujawasha, wakati usiku mzima gari imelala. Moshi mweupe mzito ikiwashwa wenye harufu tamu. Ukiwa na mbili kati ya hizo usiendelee kuiendesha, ivute.

Na ikishachemka barabarani, simama, zima AC, kama bado ina maji iache isailensi, yani ingurume bila kukanyaga mafuta, dakika chache hita ikiwa imefunguliwa mwisho, ikiwa maji yameisha zima moja kwa moja. Kumwagia maji ya baridi ya dumu juu ya injini inayotokota ndo kunakopasua hedi ambazo zilikuwa nzima.

MOSHI NA KULA OILI

Rangi inaongea. Mweusi ni mafuta mengi hewa kidogo, huku kwetu mtuhumiwa wa kwanza ni ea klina iliyojaa vumbi, itoe uigonge chini uone, kwa wanaotembea barabara za vijiji vya Uvinza na Buhigwe kiangazi ikague kila wiki. Ikiwa safi, kwa dizeli nenda kwenye nozeli na mabomba ya turbo yaliyopasuka.

Wa bluu ni oili inaungua. Ukitoka pwaa moja asubuhi tu kisha ukaisha, ni raba za valvu, unaweza kuishi nazo ukiwa unaongeza oili. Ukitoka kila unapokanyaga, ni ringi za pistoni. Kwa dizeli ya turbo fungua bomba la kwenda intakula (kipoza hewa ya turbo), likiwa limejaa oili inadimbwika basi turbo ndo inavujisha, usikimbilie kufungua injini. Na kwa petroli kabla ya yote badilisha valvu ya PCV, ni kitu kidogo sana kinachopumulia injini, ikiziba presha ya ndani inasukuma oili kila mahali. Kuna 2AZ ambazo zinakula oili kwa sababu matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yanaziba kaboni, hiyo ni tabia ya injini yenyewe na unaijua mapema kwa kupima dipstiki kila ukijaza tenki. Wanaokufa na hizi injini ni wale wanaosubiri taa ya oili, taa ile ni ya presha, ikiwaka oili ilishaisha zamani.

Prado 120 nyingi za dizeli na baadhi ya 90 za mwisho zina 1KD, hii ni komoni reli, dizeli inayorushwa kwa presha kubwa na nozeli za umeme. Nguvu inayo, mafuta haili sana, lakini ina ugonjwa mmoja nautaja kwa herufi kubwa. Washa za shaba (ringi bapa za kuzibia) chini ya nozeli zikichoka, moto wa silinda unavuja kidogo kidogo unapanda kwenye kava, unaungua na oili, unatengeneza kaboni nyeusi, ile kaboni inashuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kuziba chujio la pampu ya oili. Siku hiyo presha inakufa, turbo na vyuma vinafuata. Kwa hiyo ukinunua 1KD iliyotembea zaidi ya 150,000 bila historia, shusha sampu uone chujio kwa macho yako na badilisha washa za nozeli. Injini ikigonga kama nyundo ikiwa ya baridi kisha inatulia, au sailensi inatetemeka, pima nozeli kwa mashine kabla hazijatoboa pistoni.

INAKOSA NGUVU, INAKATAKATA, INAZIMIKA

Ulijaza wapi mara ya mwisho? Sitanii, hilo ndo swali la kwanza. Petroli ya chupa na dumu kijijini inaweza kuwa na maji au imechanganywa. Kwa dizeli chini ya filta kuna koki ya kumwagia maji, fungua kila mwezi, hasa masika. 1HZ inavumilia uchafu mwingi, 1KD haivumilii hata kidogo, pampu na nozeli zake zina nafasi nyembamba kuliko unywele.

RAV4 kili time nyingi zilizotoka Japani zina 1AZ-FSE, hiyo D4, petroli inarushwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo valvu hazioshwi na mafuta na kaboni inajijenga kwenye intaki manifoldi (njia ya hewa kuingia injini). Dalili zake, sailensi inapanda na kushuka, inazimika ukikaribia taa au ukitoa mguu, asubuhi inagoma. Ya kwangu tulibadili plagi, koili, pampu ya tenki, sensa mbili, miaka miwili ya hela, na dawa ilikuwa kufungua intaki manifoldi na trotobodi na kukwangua kaboni siku nzima kwa mswaki na petroli. Nikikumbuka ile hela naumia mpaka leo. Skana nayo isome vizuri, kodi (namba ya hitilafu, sio ya TRA) inakwambia wapi injini inaona tatizo, haikwambii kipi kimekufa. Kodi ya mchanganyiko mwembamba, yani hewa nyingi petroli kidogo, inaweza kuwa bomba la hewa lililopasuka la elfu chache tu, na watu wanabadilisha sensa ya oksijeni.

GIABOKSI

Asubuhi unaweka R inasubiri sekunde mbili tatu ndo inashika kwa kishindo. Au mlimani mzunguko unapanda gari haiendi. Kwanza kipimo cha haidroliki (oili ya giaboksi), kwa Toyota otomatiki nyingi zenye stiki unapima injini ikiwaka, ikiwa imepata moto, gia P, na aina ya haidroliki mara nyingi imeandikwa kwenye stiki yenyewe. Inuse. Nyekundu safi ni sawa, kahawia inayonuka kuungua ni klachi za ndani zinaliwa.

X-Trail T31 nyingi ni CVT, giaboksi isiyo na gia za hatua, inatumia mkanda wa chuma, na inataka haidroliki ya CVT peke yake. Jirani yangu aliwekewa haidroliki ya kawaida kwenye sevisi, ndani ya mwezi ikaanza kulia wiiii na kutetemeka ikiondoka. Ukiipanda mlimani na mzigo ikapoteza nguvu yenyewe, ukipumzika ikarudi, ni joto la giaboksi inajilinda. Mi kwa milima ya huku CVT iliyotembea sana simshauri mtu, nasema wazi.

KELELE ZA CHINI

Taktak ukikata kona mwisho, sivi jointi (kiungo cha shafti ya tairi). Mvumo unaopanda na spidi na kubadilika ukiyumbisha usukani, beringi ya tairi. Kutetemeka kwenye usukani spidi 80 mpaka 100, balansi, ukikanyaga breki tu, diski. Kutetemeka sakafuni na kishindo ukitoa na kukanyaga mafuta, kros za propela shafti, zipige grisi kwanza, chuchu zake zipo na watu wanazisahau. Gongagonga kwenye vishimo vidogo, stabilaiza linki na bushi, hizo hazina haraka.

Moja tu ina haraka kuliko zote. Prado 90 na Surf zile za miaka hiyo, boljointi ya chini mbele imekaa kwa namna ambayo uzito wa gari unaivuta ichomoke. Ikichoka sana inachomoka kweli, tairi linalala pembeni, na kama uko spidi 90 sina la kukwambia. Dalili zake ni usukani kuvuta upande, mlio wa kukwaruza ukizungusha usukani umesimama, tairi kuliwa ndani. Piga jeki chini ya wishboni (mkono wa chini unaoshika tairi), ingiza nondo chini ya tairi uinue, ukiona inacheza badilisha pande zote mbili na boliti zake mpya, na hapa usinunue ya bei ya chini kabisa dukani. Nimewahi kuikuta imechoka kwenye gari iliyokuwa inapeleka watoto shule kila siku, mwenyewe anajua ni bushi tu.

INAKUWA NZITO UKIKATA KONA KALI

Gari inajikaza kama imeshikwa breki, inarukaruka kwenye parkingi. Angalia tairi kabla ya kitu chochote. RAV4, Harrier na Prado za foo wili muda wote zinataka tairi nne za saizi moja na zilizoliwa sawa, ukiweka mbili mpya mbele na mbili zilizokwisha nyuma, magurudumu yanazunguka tofauti na ile tofauti inasagwa ndani ya giaboksi ya kati saa zote. Kwa Prado hakikisha pia kufuli la difu ya kati halijabaki limeingia.

KUTU, DIFU NA MAJI YA ZIWA

Uliza gari ilikuwa inabeba nini. Kama ilikuwa ya biashara upande wa Uvinza na imepakia magunia ya chumvi, inua kapeti ya nyuma na upige sakafu kwa bisibisi, chumvi ikilowa inakula bati kutokea ndani na kwa nje rangi inang'aa tu. Mawese yaliyomwagika hayali bati ila yanashika vumbi na kuficha kutu chini yake.

Alafu kuna hii tabia ya kuingiza gari ziwani kuosha, maji mpaka ekseli. Difu ikiwa ya moto ikizama kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa ghafla na inavuta maji kupitia bomba la kupumulia au sili iliyochoka. Miezi kadhaa baadaye difu inaanza kulia. Fungua nati ya kujazia, chovya kidole, oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa ina maji. Imwage, weka oili mpya ya difu, safisha ile valvu ndogo ya kupumulia juu ya ekseli maana huwa imeziba tope. Tembea kilometa 500 kisha chovya kidole tena, ikiwa imerudi nyeupe sili za ekseli ndo zinapitisha, zibadilishwe kabla masika hayajaanza.